Verediana Bukuru, Aliyemtaka Mhakiki Ajitaje

Dkt. Verediana Bukuru, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa Ilagala tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Leodgar. Alisoma hapo hapo Ilagala, kisha Tabora, na mwaka 1975 akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutulia hakukujua tangu utotoni.

Alirudi Kigoma kuchunguza dagaa wa ziwa letu. Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Wilfred. Wakitoka kanisani aliusimamisha msafara Kibirizi, akashuka na shela lake kuwauliza wavuvi wamepata nini. Bwana harusi alimngoja garini, na aliendelea kumngoja hivyo maisha yao yote.

Wakimbizi walipojaa mkoani, ikavuma kwamba wao ndio waliomaliza dagaa. Melania, mama wa Kirundi, akafukuzwa kwenye kichanja chake cha kuanikia pale Kibirizi. Jambo hilo lilimchoma Verediana. Aliandika makala, akitumia pia maelezo ya wakimbizi waliowahi kuvua upande wa Burundi, kuonyesha kwamba dagaa walianza kupungua kabla wakimbizi hawajaja, na mwaka 1997 akaituma kwenye jarida la nje. Ikakataliwa. Mhakiki asiyetajwa jina, aliyepewa na jarida kuipima makala, aliandika kwamba maneno ya wakimbizi si ushahidi. Verediana hakulala, wala nyumba nzima haikulala. Alikata rufaa: mhakiki ajitaje, na pingamizi zake zichapwe chini ya makala, wasomaji waamue wenyewe.

Mhariri alikubali, mradi mhakiki aridhie. Jioni moja Telesphory, aliyekuwa naye ofisi moja, alibisha hodi nyumbani Katubuka.

"Dada Vere, aliyekukataa ni mimi."

"Kaa ule kwanza. Halafu unionyeshe nilipokosea."

Alimwonyesha: vipimo vya dagaa waliovuliwa na wavuvi wa mjini miaka ya nyuma havikuwemo. Verediana aliviongeza huku akinung'unika, na makala ikatoka, pingamizi za Telesphory zikiwa chini yake. Akaenda Kibirizi kuwasomea watu kwa sauti, akabishana na kila aliyetaka, mpaka Melania akarudishiwa kichanja chake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1999. Hospitalini aliuliza kila jibu la vipimo limesomwa na nani. Alifariki tarehe 6 Juni 2000, alfajiri, na inatuuma sana.

Ameacha mume, Wilfred, na watoto wawili, Yunisi na Martini. Amemwacha pia Telesphory, ambaye hadi leo anaupinga ukurasa wa nne wa makala ile, na ambaye ameiomba familia imwandike hapa kwa jina lake.

Mungu ampe pumziko la amani, kama mwenyewe atakubali kupumzika.