Yule Mwanamke wa Mikononi

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto kidogo. Mlio kazini tegeni sikio moja, la pili mwachieni bosi. Leo tunamkumbuka fundi wa kusuka viti. Watu walimwita Bi Kamba. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Bi Kamba alisuka viti kwa miaka arobaini. Fremu za chuma, kamba za plastiki, na kisu kidogo ambacho mpini wake aliufunga kitambaa cha bluu. Hakutaka kiti kilie mtu akikikalia. "Kiti kinacholia," alikuwa akisema, "kinakusengenya."

Miaka minane iliyopita aliugua homa ya ubongo. Akapona. Lakini tangu siku ile, wasikilizaji, jambo jipya halikukaa kichwani mwake. Ya zamani yalikuwepo yote. Mapya hayakukaa. Chai aliyokunywa asubuhi, adhuhuri aliikana. Mgeni wa jana, leo hakumjua.

Binti yake, naye fundi wa viti, alimchukua wakae pamoja. Shida ikaanzia hapo. Binti aliolewa baada ya ugonjwa ule. Mumewe anachomelea fremu, na kila jioni saa kumi na mbili huingia na vumbi la chuma, akichechemea, maana geti lilimwangukia goti. Na kila jioni Bi Kamba alimwona kwa mara ya kwanza.

"We mwanamume, nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Mimi mkweo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa toka."

"Mwaka wa kwanza tulicheka," binti anatusimulia. "Wa pili hatukucheka tena. Mama alikuwa anatetemeka. Kila jioni, mwili mzima."

Kaka mkubwa wa binti akapiga simu. "Mpeleke nyumba ya wazee. Hapo kwako au kule, kwake ni mamoja. Hakuna kinachoingia."

Binti akajiuliza: Kama kweli hakuna kinachoingia, anamtesa mama wa watu kwa nini?

Akaenda kwa mwanasaikolojia wa hospitali, mama mmoja mpole. "Kujifunza si jambo moja," akaambiwa. "Kuna kule mtu anakoweza kukusimulia. Huko kwa mama yako kumeharibika. Na kuna kunakokaa kwenye kutenda, mwenyewe hana habari. Mjaribu. Mfundishe msuko asioujua, kidogo kidogo, kila siku, bila haraka."

Binti akachagua msuko wa nyota, aliouona kwenye kiti cha mteja. Siku ya kwanza mama alikosea mara sita, na kazi ikachukua asubuhi nzima. Kesho yake akasema, "Nyota? Msuko huu sijawahi kuuona maishani." Akakosea mara nne. Siku ya kumi na mbili akasema vilevile: sijawahi kuuona. Lakini vidole vikakimbia. Kamba ikapita juu, ikazama, ikaibuka. Nusu saa tu, nyota imetimia.

Binti alitaka kupiga vigelegele. Kisha akamtazama mama usoni. Bi Kamba alikuwa anaviangalia vidole vyake kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Mwanangu," akanong'ona, "kuna mwanamke anaitumia mikono yangu."

"Mwanamke gani, mama?"

"Simjui. Ila anasuka kunishinda. Na hata hodi hapigi."

Tangu hapo, akimaliza kazi aliifunika mikono kwa shali. Nayo chini ya shali iliendelea. Juu, chini, juu. Mwenyewe akageuza uso ukutani.

Siku moja kaka akaja na gari. Begi la mama likafungwa, likawekwa mlangoni. Saa kumi na mbili mkwe akaingia.

"We nani?" Bi Kamba akauliza, anatetemeka.

Lakini mguu wake, wasikilizaji. Mguu wake ulikuwa unasukuma kigoda sakafuni, taratibu, hadi mbele ya kiti cha mkwe. Pale pale anapoegesha goti bovu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Ila jioni baada ya jioni alimwona akikivuta kile kigoda kwa kuhema.

"Mama, hicho unamwekea nani?" kaka akauliza.

Bi Kamba akautazama mguu wake. "Mimi? Muulize yule mwanamke."

Kaka akarudisha funguo za gari mfukoni. Binti akalichukua begi, akalifungua.

Alikaa pale miaka mingine mitano. Kila jioni aliuliza, "We nani?" Kila jioni kigoda kilisogea. Na kutetemeka, binti anasema, kulipungua, ingawa jina la mkwe halikukaa hata siku moja.

Jumanne binti alirudi kutoka dukani saa kumi na moja na nusu. Mama yuko kitini, shali magotini, ameshapoa. Mikono imetulia. Mkwe alikuwa bado kazini, lakini kigoda kilikuwa mahali pake, tayari.

"Nilikaa," mkwe anasema. "Nikaweka mguu. Nikamwambia, shikamoo mama."

Kwa binti, kwa kaka, kwa mkwe, kituo chetu kinawapa pole, na tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji, mkimaliza kutusikiliza, itazameni mikono yenu kidogo. Inajifunza nini leo, kwa nani, bila kuwaambia?

Kigoda, tumeambiwa, hakijaondolewa. Hakuna aliyethubutu kukisogeza.