Mawe Kumi na Saba ya Lango

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo namkumbuka mwanamke aliyeuawa kwa mtaimbo, mchana kweupe, akiwa kazini. Nasema aliuawa. Wiki nzima nasikia watu wakisema "amefariki". Hakufariki tu, jamani. Aliuawa.

Alikuwa mwanaakiolojia. Tulimwita Mama Mwiko, kwa sababu mwiko wa mwashi haukutoka kwenye mkoba wake, hata akienda harusini. Mumewe, fundi cherehani, aliniambia: "Nikitafuta ufunguo mle ndani natoka na vidole vimejaa udongo. Nilishazoea."

Mwezi uliopita tingatinga lilivunja ukuta wa magharibi wa mji wa kale, mji unaolindwa kisheria. Lango likawa kifusi. Makaburi saba yakapasuliwa, mifupa ikaburutwa matopeni. Mama Mwiko akatumwa kutathmini uharibifu. Siku ya kwanza alilia tu. Siku ya pili akafunga kamba, akaanza kuhesabu mawe.

Mkandarasi mwenye tingatinga alikuwa na jibu moja: ukuta ule uko nje ya mpaka wa hifadhi. Na kweli, jiwe la mpaka lilisimama upande wa ndani. Likikubalika pale, hakuna kesi, na kuta zilizobaki nazo zinakwenda.

"Hili limehamishwa," Mama alimwambia dereva wake. "Tutafute shimo lake la zamani."

Dereva, aliyemwendesha miaka kumi na mmoja, alicheka. "Mama, si watakuwa wamelifukia?"

"Wafukie wanavyotaka. Udongo ukishachimbwa, rangi yake hairudi ile ile."

Akakwangua ardhi kwa mwiko siku mbili. Alhamisi, saa nne asubuhi, akaliona: duara jeusi kwenye udongo mwekundu, upana wa sufuria, hatua arobaini nje ya ukuta. Yaani ukuta ulikuwa ndani ya hifadhi siku zote. Akapima. Akachora. Akaandika yote daftarini.

Ndipo wakaja wanaume wanne. Wawili walimbana dereva chini, wakampiga mateke mpaka akazirai. Wawili walitaka daftari. Mama akaketi chini, akakataa kuinuka. Wakamvunja mkono wa kulia. Akang'ang'ania ardhi kwa wa kushoto. Wakauvunja na huo. Pigo la tatu lilikuwa la kichwa. Mnaosikiliza na watoto mnisamehe, lakini hili sitalipaka sukari.

Walinzi wa hifadhi walikuja mbio, wauaji wakakimbia. Walikamatwa siku ile ile, bila daftari. Polisi walipekua magari na nyumba, wapi! Mvua ikanyesha siku mbili, ikafuta kila alama.

Jumapili dereva alitoka hospitali, mbavu mbili zimevunjika. Akapita kwa fundi cherehani.

"Mzee, niazime mwiko wa Mama."

"Utauweza wewe? Kazi yako si usukani?"

"Nimemtazama miaka kumi na mmoja."

Alikwangua kwa mkono mmoja pale alipoangukia Mama. Kufikia saa sita akaona baka jeusi kwenye udongo mwekundu. Akachimba. Daftari lilikuwa mle; Mama alikuwa amelifukia wakati dereva anapigwa, akakaa juu yake. Limelowa chapachapa, na kila neno linasomeka. Mama aliandika kwa penseli tu; wino, alisema, hauaminiki. Jumatatu tathmini ikakabidhiwa. Mkandarasi naye yuko ndani.

Jana tulimzika. Fundi, baba yetu, pole sana. Nyumba ile itakuwa kimya mno, na hakuna neno langu la kuijaza. Dereva, pole, na asante.

Nimeliona daftari hilo. Mstari wa mwisho unasema: "Lango, kwa picha za zamani, mawe mia mbili na kumi na manne. Yaliyopo, mia moja tisini na saba. Kumi na saba yako wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Lango lilipovunjwa, tulipita pale na mikokoteni yetu. Mwingine kajengea banda la kuku, mwingine kapanga njia ya bustani. Mimi nilichukua moja, nikawa nazuilia mlango wa sebule. Mama Mwiko alikuwa bado hai, analitafuta.

Nimelirudisha leo asubuhi. Yamebaki kumi na sita.