Mwalimu Aliyeuliza: Umeelewa Nini?

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu, tukae kidogo na marehemu. Leo sitalainisha sauti. Jana nilikuwa mazikoni, na kinyaa nilichokipata huko hakijanitoka.

Tunamkumbuka Mwalimu wa Simu. Ndivyo walivyomwita wanafunzi wake, wale wanaopokea simu za wateja katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Aliwafundisha Kiingereza cha kazini: kupokea simu, kuandika ripoti, kusema mkutanoni bila kutetemeka. Kiingereza cha kazini, basi. Si cha kujitutumua.

Darasa lilikuwa chumba cha chai, pembeni mwa jokofu linalonguruma. Utaratibu ulikuwa mmoja. Ukimaliza kusema, mwenzako anaulizwa: umeelewa nini? Akieleza sivyo, kosa ni lako wewe uliyesema. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akiikimbia simu kama mbwa mkali, alifika mahali akawa anawatuliza wateja wa ng'ambo huku anakunywa chai yake.

Hata nyumbani hakuacha. Mama yake mzazi aliniambia, "Nikimtuma sokoni, anarudia kwanza alichoelewa. Nikamwambia, mwanangu, hapa si ofisini."

Sasa bosi wa kampuni hiyo. Alitangaza zamu mpya mkutanoni kwa Kiingereza kirefu cha kuviringisha ulimi. Watu wakatikisa vichwa tu, maana nani akubali kuonekana mjinga? Wiki iliyofuata nusu yao wakaja zamu siyo. Bosi akawaita wazembe, akataka kuwafukuza wote. Mwalimu akasimama, akamwomba kwa upole awaulize walielewa nini. Kila mtu akasema lake. Basi kosa likawa la msemaji, na msemaji alikuwa bosi.

Wafanyakazi wakabaki kazini. Mwalimu akafukuzwa siku hiyo hiyo. Narudia, wasikilizaji: aliyekosea alibaki na kiti chake, aliyefukuzwa ni mwalimu. Akaendelea kufundisha sebuleni kwake mpaka maradhi yakamlaza. Kutoka ofisini hakuja hata mtu mmoja kumjulia hali.

Halafu jana bosi akaja mazikoni na miwani myeusi. Akashika kipaza sauti, akasoma hotuba ya Kiingereza, ndefu, mbele ya mama asiyejua Kiingereza. Sifa tupu. Huko ni kumpaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nusura niondoke. Alipomaliza akatutazama. Nadhani alingoja makofi.

Dada wa mapokezi akaenda akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, umeelewa nini?"

Mama akamtazama bosi. "Nimeelewa jina la mwanangu tu. Mwambie anieleze kwa nini alimfukuza."

Dada akasimama, akamgeukia bosi, akamwuliza swali hilo kwa Kiingereza kifupi, kilichonyooka. Hakutetemeka. Wala hapakuwa na haja ya kutafsiri, kwani bosi amekua na Kiswahili kama sisi. Alikunja karatasi yake, akaenda kutafuta gari.

Mama, pole sana. Poleni wanafamilia, poleni wanafunzi wa chumba cha chai. Mungu amlaze mwalimu wetu pema. Nawe unayenisikiliza ukijiandaa kwenda kazini, kabla hujamwita mwenzako mjinga, muulize ameelewa nini. Kisha jiulize wewe ulisema nini.

Mama bado anangoja jibu.