Fundi Kelele Anakwenda Kwao

Leo, tarehe thelathini Juni, Fundi Kelele anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya redio. Ni miaka ileile aliyokaa mbali na kwao, na mimi pia: tulitoka mji mmoja, tukaingia hapa wiki moja.

Jina la Kelele nilimpa mimi, kwa kosa langu. Tulitakiwa kubuni kifaa cha kutafuta mizigo inayopotea katika ghala la rafu za chuma. Vifaa vyangu vilitumia masafa membamba yenye nguvu, na mwangwi wa chuma ukavichanganya. Yeye, kwenye meza ya jirani, alirudi kwenye jambo la kale: cheche. Mitambo ya kwanza ya redio ilirusha kwa cheche mawimbi yaliyosambaa kwenye masafa mengi kwa pamoja, ikaingiliana vibaya hadi kila kituo kikapewa masafa yake finyu. Fundi akajiuliza: je, itakuwaje mpigo wa mawimbi hayo ukiwa mfupi mno, wa sehemu ya bilioni ya sekunde, na dhaifu kiasi kwamba redio nyingine haziuhisi?

Siku nne mfululizo kipimo changu kiliupokea mpigo aliokuwa akiujaribu. Siku nne mfululizo niliandika katika daftari la hitilafu: kelele tu, hakuna ishara.

Siku ya tano akalisoma daftari hilo, akacheka hadi akakaa sakafuni. "Kaka, hiyo kelele ni mimi!"

Upana ule wa masafa, ambao mpigo mfupi huwa nao kama cheche, ndio uliompa ushindi. Mpigo mfupi haukuchanganyika na mwangwi wake, na muda wa safari yake ulionyesha sanduku liliko, kwa kosa lisilozidi kiganja. Betri ndogo ilidumu mwaka. Cheti cha uvumbuzi kikaja kwa jina lake, kikatundikwa juu ya birika. Miaka kumi na miwili nimekunywa chai nimekipa mgongo.

Wivu nilikuwa nao, na karakana nzima inajua. Fundi alimfundisha kila mwanagenzi kuikagua kelele mara mbili, kisha akamtuma kwangu aulize kwa nini.

Kesho kutwa anasafiri. Dada yake amekwisha kupaka chokaa chumba cha mbele kwa ajili yake, na hilo linaniuma kuliko cheti, maana mimi huko sina wa kuniandalia chumba. Jana, akifunga sanduku la vifaa, aliniambia, "Twende wote, Kaka." Nikajifanya natafuta bisibisi.

Asante kwa kazi, Fundi, na kwa kicheko kile. Uwe na afya, na chumba chako kisivuje. Wanaonikumbuka huko wasalimie. Mimi sirudi.