Mkuu Wetu wa Utumishi Aweka Fimbo Chini

Baada ya miaka thelathini na mitatu kazini, Mkuu wetu wa Utumishi, ambaye sote tunamwita Bingwa, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wapo watumishi watakaomwona ofisini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alijiunga nasi akiwa karani mwembamba mwenye mwandiko mzuri. Mwaka wa tatu akashika fimbo ya gofu, na tangu hapo ametwaa kombe la wachezaji wa ridhaa mara kumi na moja. Makombe yamejaa kabati la masjala. Majalada yako sakafuni, nasi tumezoea kuyaruka.

Ukitaka sahihi yake, ulimfuata uwanjani. Utaratibu ulieleweka: mpira ukiingia shimoni, anasaini, ukikataa, urudi wiki ijayo. Mipira ile tumeiombea dua kuliko wagonjwa wetu.

Aliyetembea kuliko wote ni dada yetu tarishi. Miaka tisa alibeba majalada ya wenzake, na chini kabisa barua yake mwenyewe ya kuthibitishwa kazini. Miaka tisa kwenye majaribio, mama wa watoto watatu, na kila barua yake ikifikiwa, mpira unakataa. Jambo hilo liliniuma, nasema wazi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa fainali. Shimo la mwisho, pigo moja tu, na kombe la kumi na mbili lingekuwa lake. Kedi wake, yaani mbeba fimbo, alisema mpira utakata kulia. Bingwa hakumwamini. Akamgeukia tarishi, anayeujua mteremko ule kuliko wakata nyasi, akamwomba ushauri. Tarishi akamnyooshea kwanza barua na kalamu. Uamuzi wa haraka namna ile haujapata kutokea katika idara yetu. Bingwa akasaini, akaelekezwa kushoto, mpira ukaingia.

Mwamuzi naye akaingia. Kuomba ushauri kwa asiye kedi wako ni adhabu ya mapigo mawili. Bingwa akaapa kwamba yeye alikuwa ameshamwachisha kazi yule kedi dakika ileile, na kedi wake sasa ni dada huyu. Mwamuzi akamuuliza dada mwenyewe. Akaikunjua barua, wino haujakauka, akajibu kwamba yeye ni mtumishi wa ofisi, amethibitishwa, na yuko kazini.

Kombe limekwenda kwa mpinzani wake, daktari wa meno.

Bingwa, ahsante kwa sahihi ile. Ndiyo kazi yako bora kuliko zote. Tunakuombea afya, mapumziko mema na nyasi fupi. Dada tarishi anakusalimu sana, ila kwenye hafla ya kukuaga hatakuwepo. Ameanza likizo, ya kwanza tangu aajiriwe.