Bolti Iliyokatika Jumanne

RISALA YA WANAUSHIRIKA WA TREKTA MOJA KWA MGENI RASMI, INAYOSOMWA MBELE YA BANDA LA MASHINE

Mgeni rasmi, kiti ulichokalia tumekiazima shuleni, na kivuli kilicho juu yako ni turubai la trekta. Tumelivua trekta ili tukufunike wewe. Karibu sana. Mwenyekiti wetu, katibu na wajumbe wa kamati mliokaa naye meza moja, nanyi tunawasalimu. Zamu yenu ya kutajwa iko mbele kidogo, msiwe na haraka.

Ofisini iliandikwa risala nyingine. Tulisomewa juzi, tukaiona nzuri, ingefaa harusini. Lori haikulitaja. Ndipo wanachama wakaniambia niandike mimi, kwa kuwa sina cheo cha kunyang'anywa na mwandiko wangu ni mkubwa. Shule sikukaa sana. Nyuma yangu amesimama mama mmoja mwanachama, kazi yake ni kunivuta shati nikizidi. Kwa hiyo haya ni maneno ya sisi sote, si yangu.

Lori lenyewe unaliona hapo langoni, mgongo mtupu, minyororo tayari. Tumeambiwa kwamba leo kabla hujaondoka utasema neno moja: trekta lipakiwe lipelekwe kwa wengine wanaojua kutunza, au libaki. Yote tuliyoandika hapa ni kwa ajili ya neno hilo moja.

TULIKOTOKA

Trekta hili halikudondoka kutoka mbinguni. Kuna aliyeuza ng'ombe, kuna aliyeuza cherehani, kuna aliyeuza mabati ya chumba alichokuwa hajamaliza kujenga. Serikali ikatuongezea rotaveta, ile mashine ya visu inayofungwa nyuma na kusaga udongo. Kwa hiyo tulishukuru na bado tunashukuru.

Dereva wetu wa kwanza alikuwa mwanamke, sasa ni marehemu, na anayesoma hapa ni mume wake. Tulimwita Mama Polepole. Akitaka kuiwasha rotaveta, kwanza alishusha mvumo wa injini mpaka ukawa kama wa mtu anayesinzia. Akakanyaga klachi hadi chini, akaingiza gia ya kuzungusha, halafu akauachia mguu taratibu, kama anamlaza mtoto asiamke. Akifika mwisho wa shamba, alisimamisha visu kwanza, akainua, ndipo akakata kona. Vijana walimcheka kwamba mpaka amalize kugeuka, mahindi ya jirani yatakuwa yamekomaa. Alisema tu kwamba anayevuta kwa pupa, kamba humkatikia mkononi.

Na ilikuwepo bolti. Mgeni rasmi, vumilia kidogo, hapa ndipo penye mzizi. Kati ya trekta na rotaveta kuna shafti inayozunguka, na kwenye shafti kuna bolti moja ya chuma laini. Imewekwa pale ife. Visu vikigonga kisiki, bolti inakatika, shafti inazunguka bure, dereva anazima injini, anashuka, anaweka nyingine, kazi inaendelea. Ni kama fyuzi ya umeme nyumbani. Ukitoa fyuzi ukaweka msumari, taa hazitazimika tena, ni kweli. Itakayowaka ni nyumba.

Bolti hizo Mama Polepole alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, limening'inia kwa waya nyuma ya kiti chake. Neno lake lilikuwa moja: "Kidogo kikatike, kikubwa kipone." Alilisema kwa mashine, akalisema kwa sufuria, akalisema hata kwa ndoa. Tukigombana, aliyekatika kwanza akanyamaza ni yeye. Kikubwa kilichopona nilikuwa mimi.

Hapa najua shati litavutwa. Tuendelee.

TULICHOKIWEZA

Tulilima bonde zima kabla ya mvua, jambo ambalo baba zetu hawakuliona. Wajane walilimiwa kwanza. Wenzetu wa ng'ambo ya mto, ambao walikuwa wakituita watu wa jembe moja, walikuja kuomba zamu wamevua kofia. Hatukuwacheka. Sawa, tuliwacheka kidogo.

KILICHOTUKWAMISHA

Kamati yetu ikachoka kusikia habari za bolti. Ikatoa amri kwamba dereva atakayekata bolti anateremka kwenye trekta, anapanda mwingine. Mwenyekiti aliitetea mkutanoni, na alisema maneno haya, tunayo vichwani: "Hatuwezi kuendesha ushirika kwa bolti zinazovunjika kama biskuti. Wekeni chuma."

Wakati huo Mama Polepole alikuwa kitandani, hatoki, na usukani ulikuwa kwa mdogo wake wa kiume, ambaye kwangu ni shemeji. Mgeni rasmi, mimi na shemeji yangu chungu kimoja hatupiki. Huniita Mzee Pilipili mbele za watu, nami huwa nasema kwamba akili aliyonayo aliazimwa na dada yake. Ninayemtetea hapa si mtu ninayempenda. Lakini siku ile alisimama akamwambia mwenyekiti, "Mkubwa, isipokatika hii, itakatika ile." Watu wakaangua kicheko kwa vile alivyokuwa akitetemeka. Mwenyekiti akamuuliza kama anataka kuteremka sasa hivi au kesho. Ana watoto. Akaweka bolti ya chuma kigumu.

Alikuja kumwambia dada yake. Yeye hakulia wala hakulaumu. Alinituma mimi nipeleke kopo la bolti laini kwa mwenyekiti, na nimwambie kwamba mgonjwa anaomba. Nikalifikisha. Siku nyingine nilipoingia ofisini kufuatilia jibu, nililikuta kopo juu ya meza, limejaa kalamu. Bolti hazikuwemo. Nikauliza jibu ni lipi, nikaambiwa kamati inamtakia nafuu.

Alifariki kabla ya msimu. Hakuliona trekta likivunjika, na kwa hilo peke yake tunashukuru.

Msimu ule hakuna bolti iliyokatika hata moja. Kamati ikasifiwa kwa hilo, na kwa kuwa chai ilikuwa imeshaletwa, watu walipiga makofi. Kisha shambani kwa bibi mmoja, kule chini, visu vikauma kisiki kilichozikwa tangu enzi za msitu. Chuma kilikataa kukatika. Kwa hiyo nguvu yote ikarudi nyuma, ikaingia ndani ya trekta lenyewe. Tulisikia mlio kama gunia la vyungu limeangushwa. Giaboksi ilipofunguliwa, meno ya gia yalikuwa yamepukutika ndani ya oili kama punje za mahindi.

Ripoti iliyopelekwa kwenu juu ilisema dereva mzembe na wakulima wasiojua kutunza. Kuhusu chuma haikusema kitu. Shemeji akateremshwa, trekta likafunikwa turubai hili hili, na sisi tukarudi kwenye jembe la mkono. Samaki huoza kuanzia kichwani, mgeni rasmi, lakini wakija kumtupa hushika mkia.

TULIVYOSIMAMA TENA

Hatukuja hapa kulia tu. Baada ya mavuno madogo yale, wanachama walichanga tena. Fundi wa malori wa pale njia panda alikubali kuifungua giaboksi kwa malipo ya polepole. Alipokosa mtu wa kushika taa, aliyejitokeza kila siku alikuwa shemeji yangu, bila kuitwa. Nilikuwa nampelekea uji, nikimwambia ni wa fundi.

Jumanne iliyopita tulilifanyia jaribio bondeni. Bolti ilikuwa laini, ya aina ile ile. Shemeji ndiye aliyepanda, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu. Akashusha mvumo, akakanyaga, akaachia polepole. Visu vikaingia, udongo ukageuka mweusi, na wote tukawa tunatembea nyuma yake kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Halafu pakatokea mzizi. Kukasikika ta! Rotaveta ikasimama.

Tukasimama na sisi. Shemeji akazima injini, akashuka, akainama kwenye shafti, akakaa hapo hata mimi nikaanza kumtukana moyoni. Alipoinuka alikuwa ameshika vipande viwili vya bolti. Akasema, "Imekufa peke yake."

Mgeni rasmi, tulipiga vigelegele. Watu wazima na meno yetu, tunashangilia bolti iliyovunjika. Bibi mwenye shamba alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Shemeji akaweka nyingine, akawasha, na bonde likaendelea kulimika mpaka jioni. Ndani ya giaboksi hakuna lililotikisika. Fundi amelithibitisha, naye yupo hapa, yule mwenye ovaroli.

TUNACHOOMBA

Tunaomba amri ile ifutwe. Dereva akikata bolti apewe nyingine na aambiwe asante.

Tunaomba tufungiwe kwenye shafti klachi ya kuteleza, ile yenye sahani zinazosuguana na kuteleza mzigo ukizidi, ili si kila mzizi utugharimu bolti. Tunajua kwamba ikilala msimu mzima bila kazi hushikwa na kutu, sahani zikagandana, ikawa sawa na chuma kile kile. Kwa hiyo tumeshaamua kwamba kila mwaka kabla ya mvua tutailegeza na kuiamsha, na siku hiyo itakuwa siku ya kumkumbuka Mama Polepole. Hatuombi sanamu.

Tunaomba dereva wetu arudishwe. Nimelisema mimi, mbele ya watu, na yeye anasikia, sasa ataringa mwaka mzima.

Viongozi wetu hatuombi muwafukuze. Wapo waliotaka tuandike hivyo, na mkono wangu uliwasha kwa hamu. Lakini tumekaa, tumeona kwamba anayeambiwa ukweli mbele ya mgeni akabaki amekaa kitini, huenda bado anafaa. Mwenyekiti, kopo tulilichukua Jumatano. Kalamu zako tumeziacha mezani.

Na lori, mgeni rasmi, tunaomba lirudi lilikotoka jinsi lilivyokuja, mgongo mtupu. Mawingu yale nyuma yako si ya mapambo.

Zawadi yetu ni hii iliyofungwa kwenye kitambaa. Ni vile vipande viwili vya Jumanne. Viweke mezani kwako, na mtu akikuletea ripoti kwamba mahali fulani hakuna kinachovunjika, viangalie kwanza kabla hujamsifu.

Mungu akupe safari njema, akupe na walio chini yako wenye ujasiri wa kukuambia simama. Ukimaliza kusema neno lako, dereva yuko tayari kwenye kiti, na kopo limening'inia mahali pake.

Ni sisi,
Wanaushirika wa Trekta Moja.