Moyo wa Shali

Nani aliitoa shali yangu nje ya nyumba hii? Nimejiuliza hivyo kwa miaka tisa, wanangu, na sasa naona nitaondoka bila kujua. Sogezeni viti. Mkamwana, acha mlango wazi, sitaki mtu asimame nyuma yake akisikiliza, maana mimi mwenyewe nimesimama nyuma ya milango mingi humu ndani na najua mtu anavyovuta pumzi akiwa huko.

Nitaanza mwanzo kabisa, kwa sababu kila mmoja wenu anajua kipande tu, na vipande hivyo nilivikata mimi.

Shali ile niliibuni mwenyewe. Miezi miwili nilifuma na kufumua, nikachora kwenye karatasi ya mirabaraba na kufuta, mpaka nikaupata moyo wake, lile duara la katikati linalozunguka kama gamba la konokono, ambalo majani hushonewa juu yake jani kwa jani, kisha pindo likafuata. Nilitaka ionekane mara ya kwanza kwenye maonyesho ya kazi za mikono, ili watu waseme hii ni ya yule mama wa kroshia na si ya mwingine. Zilibaki siku nane. Nikatoka kwenda kununua uzi, nikapita mbele ya duka la nguo la pale kona, na nyuma ya kioo nikaiona shali yangu imevalishwa sanamu isiyo na kichwa. Rangi ilikuwa nyingine. Vingine vyote vilikuwa vyangu.

Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Moyo ulikuwa unazunguka upande wangu. Hapo nikaanza kumshuku mtu wa humu ndani, kwa kuwa mnajua nafuma kwa mkono wa kushoto, na duara la mtu wa kushoto huzunguka kinyume na la watu wengine. Katika nyumba hii mkono huo tulikuwa nao wawili, mimi na kitindamimba wangu, huyu ambaye tangu anatambaa tunamwita Mashoto.

Sikumwuliza. Nilirudi dukani kesho yake nikiwa nimejipanga kuigeuza shali ile na kuitazama upande wa ndani, kwa sababu upande wa ndani hausemi uongo, lakini ilikuwa imeshauzwa. Nikamwuliza mwenye duka ilifumwa na nani. Alikuwa anachokonoa meno, hakuacha.

"Mama, mimi nauza, sifumi. Mambo ya wafumaji si uwaulize wafumaji wenzako?"

Akacheka, nami nikarudi nyumbani nikiwatazama ninyi kama watu niliowakuta kituoni. Kwenye maonyesho sikwenda.

Mnakumbuka kilichofuata. Niliagiza kabati la kufuli nikaifungia michoro yangu. Nikaanza kupima uzi kwa mizani ya jikoni, unapotoka na unaporudi, na mkamwana akamwambia jirani kwamba mama mkwe wake anapima uzi kama dhahabu, na kwamba iko siku atawapima na wao wakitoka chooni. Usiiname, mwanangu. Nilikusikia siku ileile, na nilicheka peke yangu, lakini uzi niliendelea kupima.

Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani hakuna mfumaji mwenye akili timamu amelifanya. Niliikata kazi yangu vipande. Wewe kifungua mimba nilikufundisha jani, jani tu. Mkamwana nikakufundisha pindo, na namna ya kuongea na wateja kwenye simu, ambayo kwa kweli ulinifundisha wewe. Kila mmoja nilimwonya kando asimfunulie mwenzake. Moyo niliufuma mwenyewe, nikiwa nimefunga pazia. Wanafunzi waliokuja darasani niliwafundisha kofia na vitambaa vya meza, na mwanafunzi alipouliza sana nilimwona mpelelezi. Yule binti aliyekuwa anakaa dirishani, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, nilimfukuza kwa sababu alipiga picha ya sindano yangu. Sasa ana darasa lake, na nasikia anafundisha vizuri. Mkikutana naye, mwambieni nilikosea.

Na Mashoto nilimpa kazi ya kukunja uzi na kufunga mizigo. Miaka tisa. Mtoto niliyemwona ana miaka sita akifuma mnyororo kwa vidole bila sindano, nikamweka kwenye makaratasi na gundi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na ukimya wenu nao niliuhesabu kuwa ushahidi.

Nimelala humu miezi mitatu nikiwaza, na mawazo yangu yamegeuka mara nyingi. Siku nyingine nasema alikuwa Mashoto, nani mwingine mwenye mkono ule. Siku nyingine nakumbuka kwamba shali ilipokuwa imelowa niliianika siku mbili kwenye dirisha la barabarani, mimi mwenyewe niliyeificha, na kwamba mfumaji hodari wa mkono wa kulia angeweza kuifuma kwa kawaida, akashonea majani upande wa ndani, kisha akaivalisha ile sanamu ndani nje, nami kupitia kioo nisitambue. Siku nyingine nawashuku ninyi wawili. Hata leo asubuhi, kikombe kilipokuja, nilimtazama aliyekileta kabla sijanywa. Ndivyo nilivyokuwa. Shaka ikishaingia mikononi huisikii tena, unadhani ni umakini.

Basi mkono wangu wa kushoto ulipolala usiamke, mkajua ninyi nilichokuwa nakijua mimi. Mashali kumi na moja yameahidiwa watu, majani yako tayari kapuni, pindo lina mtu wake, na moyo hakuna. Nilijaribu kukufundisha, kifungua mimba, kwa mdomo. Ulijitahidi. Duara likazunguka kinyume, majani yakakataa kulala juu yake, na tulipoligeuza ndani nje, mgongo wa vitanzi ulionekana wazi kwa yeyote aliyelishika. Ulilia jikoni ukidhani nimesinzia.

Ilibaki mikono ya mtu mmoja. Nilimwita juzi mchana, nikamwambia akae hapa kitandani achukue sindano. Na sitawaficha, sikumwita kwa upendo tu. Nilitaka kumtazama vidole. Nilijiambia, akiujua moyo kabla sijauelekeza, basi nimempata.

Mashoto akaishika sindano, hakuanza. Akanitazama.

"Nikikosea utasema najifanya. Nikipatia utasema niliiba. Nifanye lipi, Mama?"

Miaka tisa alikuwa anajua ninachomdhania. Nikamwambia fuma tu. Akafuma. Safu mbili za kwanza nilimwelekeza, ya tatu akaenda mwenyewe, sawasawa, bila kuuliza, kama anayefungua nywele zake. Nikamtazama mpaka macho yakaniuma, na sikuona mwizi wala sikuona asiye mwizi. Niliona mtu anayefuma kama mimi. Kwamba alijua tayari, au kwamba ni damu, vidole havikusema.

Nipeni maji. Hapana, wewe, kifungua mimba. Asante.

Kwa hiyo nikamwambia, na sasa nasema mbele yenu ili mtu asibadilishe. Mashoto, kama ulikuwa wewe, nimemkabidhi kazi yangu mwizi wake. Kama hukuwa wewe, nimemkabidhi niliyemdhulumu. Vyote viwili nimevikubali. Msimwulize baada yangu. Akitaka kusema atasema, asipotaka ni haki yake.

Nyumba ni yenu nyote, msigawane vyumba. Uzi ulioko stoo ni wa kazi, si wa mtu, na hiyo mizani irudi jikoni ipime unga. Mkamwana, biashara ya simu ni yako, usikubali oda nyingi kuliko mikono iliyopo. Kifungua mimba, wewe una hasira ya kimyakimya kama mimi, itoe mapema. Mkibuni kitu kipya, kionyesheni. Mtu akikiiga, bunini kingine... nilikuwa na vingine. Nilivipoteza nikilinda kimoja.

Sauti inakatika. Sogeeni karibu.

Mikono yenu isiumwe. Macho yasichoke upesi. Kila atakayejifunika kazi yenu alale salama, na Mungu awaweke pamoja mahali nilipowatenga.

Niliamua juzi hiyohiyo kwamba darasa lifunguliwe, na kila mtu afundishwe shali nzima, moyo, majani na pindo. Sikutaka lisubiri nife. Mashoto ndiye aliyelitekeleza. Leo asubuhi... mlikuwapo, nyote wawili mlikaa mbele yake pamoja na wanafunzi saba wa darasa letu. Nilimsikia kutoka hapa akihesabu vitanzi kwa sauti, akiwasubiri wa mkono wa kulia, akiwaonyesha jinsi ya kugeuza majani yafuate duara lao, akirudia.